Steringi Akifa, Mwacheni Apumzike

Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Morogoro kulikuwa na kanuni moja ambayo hata mtoto wa darasa la pili aliijua: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, aangukiwe na jengo zima, atarudi tu, na adui atajuta. Tulilipa kiingilio tukiwa na uhakika huo. Ndiyo maana Bruce Lee alipoirukia mitutu ya bunduki mwishoni mwa Fist of Fury, risasi zikalia na picha ikaganda yeye akiwa bado hewani, ubishi ulitoka nasi nje mpaka barazani. Kafa au hajafa? Kaka zetu waliapa kwamba upo mkanda wa pili ambamo anaonekana mzima kabisa. Walikuwa wanamtetea mtu wao.

Siku hizi vibanda vile vimepungua, na filamu ninazozifuatilia ni zile zinazofuatiliwa dunia nzima: za Marvel, za DC, Star Wars, Fast & Furious. Nazipenda kwa moyo wote. Lakini kadiri miaka inavyokwenda naona zimeirudia kanuni ya kibanda umiza, tena kwa namna inayoumiza zaidi. Zamani steringi alikuwa hafi, basi. Sasa anakufa, tunamlilia, tunamzika, halafu baada ya miaka michache studio inamfukua kwa sababu tiketi zinauzika akiwepo. Bora ile ya zamani. Yule asiyekufa hakuwahi kutudai chochote. Huyu wa sasa ameshachukua kilio chetu, na anayemrudisha anatuambia kilio kile kilikuwa cha bure.

Tuanze na Tony Stark. Mwaka 2008, Robert Downey Jr. alipotokea kwenye Iron Man, watazamaji wachache mno wangeweza kubashiri kwamba ile ni ya kwanza kati ya filamu 22 za hadithi moja. Tony alikuwa muuza silaha mwenye majivuno, akatekwa Afghanistan, akajua uzito wa biashara yake akiwa pangoni, vipande vya kombora la kampuni yake mwenyewe vikiwa karibu na moyo wake. Mwisho wa filamu anasimama mbele ya waandishi wa habari na karatasi ya uongo aliyoandaliwa, anaiacha, anatamka kwamba yeye ndiye Iron Man. Miaka kumi na moja baadaye, kwenye Avengers: Endgame, anatamka maneno hayo hayo mbele ya Thanos, adui mkuu wa hadithi, mawe sita ya nguvu yakiwa mkononi mwake. Anafyatua vidole. Jeshi la adui linageuka vumbi, na yeye anakufa akiwa ameegemea kifusi, mkewe Pepper akimwambia kwamba sasa anaweza kupumzika.

Kinachonishika hadi leo ni kidole kimoja cha mchawi Doctor Strange. Kwenye Infinity War, filamu iliyoitangulia Endgame, Strange alichungulia mustakabali 14,000,605 wa vita ile na akaona ushindi kwenye mmoja tu. Sasa, katikati ya mapambano ya mwisho, Tony anamtazama, na Strange ananyanyua kidole kimoja kinachotetemeka. Hasemi neno. Tony anaelewa kwamba mmoja wenyewe ndio huu, na anaelewa unamtaka yeye. Ndugu wawili Anthony na Joe Russo walitengeneza filamu ya saa tatu, lakini uzito wake wote umekaa kwenye kidole hicho, kwa sababu bei imetajwa kabla ya kulipwa.

Nilikuwa ukumbini Mlimani City, Dar es Salaam, siku zile za Aprili 2019. Captain America alipoinyanyua nyundo ya Thor, watu walisimama kwenye viti na kupiga mayowe kama goli la dakika ya tisini. Tony alipokata roho, mzee mwenye mvi aliyekaa jirani yangu alivua kofia na kujifutia machozi. Kisha likaja lile la mazishi, binti yake mdogo Morgan amekaa barazani na Happy, anaulizwa anataka kula nini, anasema baga yenye jibini. Aliyeanza safari mwaka 2008 anakumbuka: Tony alipotoka mateka, kitu cha kwanza alichodai kula kilikuwa hicho hicho. Mtoto hajui kwamba amemtaja baba yake. Sisi tunajua.

Basi Julai 2024, kwenye tamasha la Comic-Con mjini San Diego, akatokea jukwaani mtu mwenye joho la kijani na barakoa ya chuma. Akaivua. Ni Robert Downey Jr., anarudi, safari hii kama adui, Victor von Doom, kwenye Avengers: Doomsday inayoongozwa na ndugu wale wale Russo. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Niliitazama video ile kwenye simu mara nyingi nikijaribu kuishangilia, na moyo ukagoma.

Najua utetezi wake: Doom si Tony, ni mhusika mwingine aliyepewa mwigizaji yule yule. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini mtazamaji hazomei wala halilii karatasi, anaililia sura. Sura ile tuliizika. Sababu za kibiashara nazo zinaonekana bila kutafutwa. Mwaka 2023 The Marvels iliishia kwenye dola milioni 206 hivi duniani kote, mapato madogo kuliko ya filamu yoyote ya Marvel Studios kabla yake, na mpango wa kumfanya Kang kuwa adui mkuu ukavunjika mwishoni mwa mwaka huo huo. Studio iliyoogopa ilikimbilia sura ambayo watu tayari wanaipenda.

Ugonjwa huu ulianzia kwenye vitabu vya katuni, kabla ya sinema. Mwaka 1988 kampuni ya DC iliwapa wasomaji wa Batman namba mbili za simu. Joker alikuwa amemponda kwa mtaimbo kijana Jason Todd, Robin wa pili, kisha bomu likalipuka. Ukitaka apone piga namba hii, ukitaka afe piga ile. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 zilitaka aishi. Tofauti ni kura 72; watu 37 tu wangegeuka, kijana angepona. Naifikiria sana kura ile, kwa sababu angalau aliyepiga simu alibeba uamuzi wake. Katikati ya miaka ya 2000 DC ikamrudisha Jason, na miaka hiyo hiyo Marvel ikamrudisha Bucky, rafiki wa Captain America aliyehesabiwa maiti ya Vita Kuu ya Pili. Wasomaji wa zamani walikuwa na msemo kwamba kwenye katuni wanaokufa kweli ni Bucky, Jason Todd na Uncle Ben, mlezi wa Spider-Man, peke yao. Amebaki Uncle Ben.

Superman naye aliuawa Novemba 1992, kwenye toleo namba 75, habari ikatangazwa hadi kwenye taarifa za habari za kawaida, mamilioni ya nakala yakanunuliwa, na mwaka uliofuata yuko hewani anaruka. Filamu iliiga jambo hilo kwa haraka zaidi. Mwaka 2016 Superman anauawa kwenye Batman v Superman, anazikwa, na picha ya mwisho kabisa ni chembe za udongo zikianza kunyanyuka juu ya jeneza. Hawakutuachia hata nafasi ya kutoka ukumbini tukiwa na msiba wetu.

Infinity War ilipotoka Aprili 2018 ilikuwa na tatizo la aina hiyo, ingawa ni filamu ninayoiheshimu. Thanos anafyatua vidole, nusu ya viumbe vyote wanapukutika, T'Challa, mfalme wa Wakanda ambaye ndiye Black Panther, mmojawapo. Lakini Black Panther ilikuwa bado inaonyeshwa kwenye kumbi, imeshavuka dola bilioni moja. Nani angeamini kwamba mfalme yule ameondoka moja kwa moja? Kilichoiokoa sehemu ile ni Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man, kumng'ang'ania Tony akisema hataki kuondoka. Tuliumia kwa sababu ya hofu ya mtoto, hata tukijua atarudi.

Loki yeye amekufa mara nyingi hadi kufa kumekuwa sehemu ya tabia yake. Alianguka kwenye shimo la anga mwaka 2011, akajifanya maiti mwaka 2013, akanyongwa na Thanos mwaka 2018, na mwaka 2021 akapata tamthilia yake mwenyewe kwa kuchukuliwa kutoka tawi jingine la wakati. Tamthilia yenyewe ni nzuri, Tom Hiddleston kaifanyia kazi ya kweli, na jinsi alivyoishia kwenye msimu wa pili, amekaa peke yake ameshikilia nyuzi za wakati ili wengine waishi, ni kati ya miisho bora Marvel iliyowahi kuandika. Hata hivyo, tangu siku ile kila kifo kwenye filamu zao kina mlango wa nyuma. Kuna dunia sambamba zisizo na idadi, na kila moja ina nakala ya marehemu wako.

Linaloniudhi kuliko yote halimo hata kwenye filamu za mashujaa wa kuruka. Ni Han wa Fast & Furious. Alikufa kwenye Tokyo Drift mwaka 2006, gari likilipuka barabarani. Mashabiki walimpenda kiasi kwamba filamu tatu zilizofuata zilirudishwa nyuma kihadithi ili awemo. Kisha tukaonyeshwa kuwa haikuwa ajali, aliuawa na Deckard Shaw. Na kwenye filamu ya nane, mwaka 2017, Shaw huyo huyo anakaribishwa kwenye meza ya chakula cha familia, ile familia ambayo Dom, steringi wao, huitaja kila baada ya sentensi mbili. Mashabiki wakawaka, wakaanzisha kampeni ya kumdai Han haki. Jibu likaja mwaka 2021 kwenye F9: Han hakufa. Kaingia mlangoni mzima, anatafuna vitafunwa vyake kama zamani. Watu walikuwa wanadai damu ya ndugu yao iheshimiwe, wao wakajibiwa kwamba hapakuwa na damu.

Logan ni jeraha langu binafsi. Hugh Jackman alianza kuwa Wolverine mwaka 2000, na mwaka 2017 James Mangold akampa filamu ya kuagania. Wolverine mzee, majeraha hayaponi tena kama zamani, anamtunza Profesa Xavier anayepoteza akili, anamkimbiza msichana Laura mpakani. Anakufa akiwa ameshikwa mkono na msichana huyo, ambaye kwa mara ya kwanza anamwita baba. Kaburini Laura anaung'oa msalaba wa mti, anaulaza upande uwe herufi X, anaondoka. Sijaona filamu ya shujaa iliyojua kufunga ukurasa namna ile. Miaka saba baadaye Deadpool & Wolverine inaanza kwa Deadpool kulifukua kaburi hilo hilo, anachomoa mifupa ya chuma na kuitumia kama silaha huku akicheza. Filamu ilivuka dola bilioni 1.3, Jackman kaigiza vizuri mno, na Wolverine aliyemo anatoka dunia nyingine, kwa hiyo kisheria Logan wetu bado kafa. Rafiki zangu walicheka sana sehemu ile ya mwanzo. Mimi niliona kaburi.

Sisemi marehemu asirudi kamwe. Kuna njia ya kurudi inayomheshimu, na mfano wangu ni Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man. Mwaka 1973, kwenye toleo namba 121 la The Amazing Spider-Man, mwandishi Gerry Conway alimwangusha Gwen kutoka darajani. Spider-Man akarusha utando, akamdaka, na kumbe mshtuko wa kudakwa ndio uliovunja shingo. Filamu ya mwaka 2014 ikaihamishia ajali hiyo kwenye mnara wa saa: Andrew Garfield anarusha utando, utando unafunguka mwishoni kama kiganja cha mkono, unamfikia Emma Stone akiwa ameshachelewa. Filamu zile zikasitishwa, na Spider-Man wa Garfield akabaki na msiba usio na mwendelezo.

Mwaka 2021, kwenye No Way Home, Spider-Man watatu wa dunia sambamba wanakutana. MJ, mpenzi wa mmoja wao, anaanguka kutoka juu, na Spider-Man wake anashindwa kumfikia. Garfield anajirusha. Safari hii hamdaki kwa utando. Anamfuata kwa mwili wake, anamkumbatia, anatua naye chini, anamuuliza kama yuko salama, na midomo inamcheza kwa kilio anachokizuia. MJ anaishia kumuuliza yeye kama yuko salama. Gwen hakurudi. Hakuna dunia sambamba iliyomleta akiwa anatabasamu. Lakini kwa sekunde zile kifo chake cha miaka saba nyuma kilikuwa kizito kuliko kila kitu kwenye skrini. James Gunn naye alifanya jambo la karibu na hilo kwa Gamora, mpenzi wa shujaa Quill aliyekuwa ameuawa, kwenye Guardians of the Galaxy ya tatu: mwili umerudi, ila huyu hamjui Quill, hampendi, na mwisho anakwenda zake kwa watu wake. Quill anarudishiwa sura na kubaki na pengo.

Na kuna wakati anayekufa ni mwigizaji mwenyewe. Bruce Lee alifariki Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32, akiacha Game of Death haijakamilika. Mwaka 1978 ikatolewa hivyo hivyo, watu wengine wakivishwa miwani myeusi wakae mahali pake, na kwenye tukio la mazishi wakatumia picha za mazishi yake ya kweli. Tuliitazama tukiwa watoto bila kujua. Nilipojua ukubwani, sikuweza tena kuitazama. Paul Walker alipokufa kwa ajali ya gari Novemba 2013, Furious 7 ikiwa katikati, watengenezaji walikuwa mbele ya njia panda ile ile. Waliwatumia ndugu zake Caleb na Cody kumalizia, lakini Brian, mhusika wake, hawakumuua. Anaendesha Supra nyeupe kando ya Dom, barabara inagawanyika, kila mmoja anashika yake. Ni uungwana mkubwa kutoka kwenye mfululizo ambao kwa Han ulishindwa kabisa.

Chadwick Boseman, aliyeigiza T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana. Aligunduliwa mwaka 2016, kwa hiyo yule mfalme tuliyemwona akipigana kwenye maporomoko ya maji alikuwa mgonjwa, na watazamaji hatukujua. Kulikuwa na mashabiki waliotaka T'Challa apewe mwigizaji mwingine, na hoja yao ilikuwa nzito: watoto weusi wasinyang'anywe mfalme wao kwa sababu mwigizaji mmoja amefariki. Mwongozaji Ryan Coogler na Marvel wakachagua kumwacha T'Challa afe pamoja na Boseman. Naamini walichagua sawa, na ushahidi wangu ni Wakanda Forever yenyewe, filamu ya pili ya Black Panther.

Inaanza gizani, Shuri, dada yake T'Challa, akihangaika maabara kutafuta dawa, na mama anamletea habari kwamba kaka yake ameshaungana na mababu. Kifo hatukionyeshwi. Nembo ya Marvel inapita ikiwa na picha za Boseman tu, bila muziki. Kisha mazishi, mji mzima umevaa nyeupe, watu wanaimba na kucheza mbele ya jeneza. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa pale: nyeupe ni rangi ya sanda, na ngoma ya msiba anaijua. Wanaoujaza mji ule baadhi ni damu ya huku, Lupita Nyong'o wa Kenya na Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala. Nakia wa Lupita, mpenzi wa T'Challa, hakuhudhuria mazishi, na malkia Ramonda anambebea swali hilo mpaka Haiti. Kukosa msiba wa mtu wako! Nilijua mara moja uzito wa mkwe kuulizwa jambo lile na mama wa marehemu. Jibu kamili tunalipata mwishoni kabisa, mtoto wa T'Challa anapotokea pwani.

Mwaka mmoja baada ya mazishi Ramonda anamchukua Shuri porini wachome nguo za msiba, Shuri anakataa, hajawa tayari. Filamu nzima ni safari ya kufika kwenye moto ule. Na marehemu wanaonekana, ndiyo, lakini kwa mababu: Shuri anapokunywa mmea wa kumfikisha kwao anategemea kumkuta kaka yake au mama yake, ambaye naye ameshafariki, anamkuta Killmonger, adui aliyekufa kwenye filamu ya kwanza. Anasema naye, anamchokoza, anamwachia swali, anabaki huko huko aliko. Hivyo ndivyo wafu wa kwetu wanavyorudi, kwa ndoto na kwa tambiko, wana neno la kusema na hawaji kuchukua viti vyao mezani.

Doomsday nitakwenda kuitazama siku ya kwanza, na ndugu Russo nawaamini kwa sababu ya kile kidole cha Strange. Ninachokitaka kwao ni kitu kimoja. Doom atakapoivua barakoa mbele ya yeyote aliyesimama kwenye mazishi ya Tony, awe Pepper, awe Thor, awe Peter Parker ambaye dunia yote imemsahau ila yeye anamkumbuka Tony, filamu isimame pale. Mtu huyo apewe muda wa kuitazama sura ile, atetemeke, ashindwe kunyanyua mkono. Wakilifanya hilo, kurudi kwa Downey kutakuwa na maana niliyoiona kwa Garfield na MJ. Wakilipita haraka ili wawahi vita, tutakuwa tumefukuliwa kaburi jingine, na safari hii la Tony.